Nani Alimgundua Iman? Somo la Kitenzi Kimoja

Kwa fundi cherehani mmoja wa Mangobo, ukutani kumebandikwa picha za wanawake waliovaa liputa zilizoshonwa kwa mishono ya kila namna. Mteja akiingia na kitambaa chake hasemi mengi. Ananyosha kidole: "Nishonee kama ya huyu." Nilikaa pale nusu ya siku nikingoja shati langu, na sikusikia hata mtu mmoja akiuliza huyu anaitwa nani. Fundi mwenyewe aliwaita wote kwa neno moja: manekeni.

Neno hilo tumelipata kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kililitoa katika Kiholanzi, ambako maana yake ni "mtu mdogo". Kwa neno lile lile tunataja sanamu ya dukani inayovishwa nguo na mwanamke anayeishi kwa kazi ya kuonyesha mavazi. Kiswahili sanifu kina mwanamitindo, neno lililoundwa kama mwanamuziki na mwanasheria: linamhesabu kuwa mtu mwenye fani yake. Katika makala hii nasoma maisha ya mwanamitindo mmoja, Iman, kama tunavyosoma matini darasani. Hoja yangu ni kwamba aliyemtangaza kwa ulimwengu alianza kwa kumnyang'anya lugha, na kwamba unyang'anyi huo umejificha ndani ya kitenzi kugundua.

1. Maisha kabla ya picha

Iman alizaliwa Mogadishu mwaka 1955. Jina lake la kwanza lilikuwa Zara Mohamed Abdulmajid. Iman ni jina alilopewa baadaye kwa shauri la babu yake. Sisi hatuhitaji kamusi ili kulielewa, kwa maana ni neno la Kiarabu ambalo Kiswahili kimelipokea na kulimalizia kwa irabu: imani. Baba yake alikuwa balozi, mama yake daktari wa magonjwa ya wanawake. Alisoma shule ya bweni Misri. Baada ya Siad Barre kutwaa madaraka mwaka 1969, familia ililazimika kuikimbia Somalia ikaingia Kenya. Mwaka 1975 Iman alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alijua lugha tano: Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza.

Huyo ndiye msichana ambaye mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimwona barabarani Nairobi. Alimwomba ampige picha. Iman alidai alipwe, tena akataja bei: karo yake ya chuo, dola 8,000. Beard akalipa.

2. Hadithi ya porini

Mwaka ule ule Iman alifika New York, akawakuta waandishi wa habari wakimngoja. Beard alikuwa amewatangulizia hadithi nyingine kabisa. Kwa mujibu wa hadithi hiyo, alimkuta msichana huyu porini akichunga mifugo, binti wa jangwani asiyejua Kiingereza. Iman alisimama mbele yao akielewa kila neno lililosemwa juu yake.

Tuangalie hadithi hiyo ilifuta nini. Sura haikuguswa, kwa kuwa sura ndiyo iliyokuwa ikiuzwa. Kilichofutwa ni chuo, mji, ukimbizi, kazi za wazazi, na zaidi ya yote lugha. Ili aonekane Mwafrika wa kweli machoni pa wanunuzi, ilibidi kwanza awe bubu. Kwa maneno mengine, mwanamitindo aligeuzwa manekeni.

3. Kitenzi kinavyofanya kazi

Magazeti yaliandika, na mengine yanaandika hadi leo, kwamba Iman "aligunduliwa". Kitenzi gundua kina dhana inayotangulia: kilichogunduliwa kilikuwa hakijulikani. Lakini hakijulikani na nani? Sentensi haisemi. Tujaribu kwa mifano miwili:

(a) Mpiga picha alimgundua Iman Nairobi.
(b) Mama yake alimgundua Iman Mogadishu.

Sentensi (a) inapita masikioni bila kikwazo. Sentensi (b) inachekesha. Sarufi ya sentensi hizi mbili ni moja. Kinachotofautiana ni mahali anaposimama msemaji. Anayesema (a) amekwisha kukubali kwamba kujulikana na wazazi, walimu na wanafunzi wenzake si kujulikana.

Sisi wa Kisangani tunapaswa kuwa wa kwanza kuisikia hila hii. Stanley alifika kwenye maporomoko yetu mwaka 1877, na ulimwengu ukaambiwa ameyagundua. Maporomoko yakabandikwa jina lake, kisha mji ukaitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Wagenya walikuwa hapo na vikapu vyao vya kunasia samaki, na walikuwa na jina la kila mahali penye mkondo. Ni kitenzi kile kile, na kazi yake ni ile ile.

Jambo la pili ni kauli. Katika habari za mwanzo kuhusu Iman, yeye ni kiima cha vitenzi vya kutendwa: aligunduliwa, aliletwa, alipigwa picha, alivishwa. Mtenda ni mwingine. Kauli ya kutendwa haina kosa lolote. Lugha nyingi zinayo. Lakini mtu anapokosa kitenzi hata kimoja cha kutenda katika habari ya maisha yake mwenyewe, habari hiyo imekwisha kutuambia jinsi inavyomwona.

4. Pingamizi mbili

Nilipoeleza hoja hii kwa wenzangu, mmoja alisema: "Lakini uongo huo ulimfaidi. Alitajirika nao." Ni kweli kwamba hadithi ilimvutia watu, na kwamba Iman aliendelea na kazi wakati hadithi ikizunguka. Faida hiyo haibadilishi sura ya uongo. Tena inatufundisha jambo gumu: mtu aweza kuufahamu mchezo, akaucheza, na bado akadhulumiwa ndani yake.

Pingamizi la pili nalipenda zaidi. Je, kama kweli angekuwa mchungaji? Je, tunamtetea kwa sababu tu ni binti wa balozi? Hapana. Uongo ule uliwatukana wawili kwa pigo moja. Ulimtukana mwanafunzi kwa kumnyima lugha tano, ukamtukana na mchungaji kwa kudhani kwamba hana lugha. Ushairi wa Kisomali, unaosifiwa na wataalamu wengi, ulikuzwa kwa kiasi kikubwa na watu wa ngamia na malisho, ukahifadhiwa vichwani. Alfabeti rasmi ya Kisomali ilipatikana mwaka 1972 tu. Anayesema "mchungaji" akimaanisha "bubu" hajawahi kukaa na wachungaji.

5. Kutoka kutendwa hadi kutenda

Kazi ya Iman ni ndefu, nami nachagua yale yanayohusu hoja yangu. Hakuwa Mweusi wa kwanza katika fani: Donyale Luna alitokea kwenye jalada la Vogue la Uingereza mwaka 1966, na Beverly Johnson kwenye jalada la Vogue la Marekani mwaka 1974. Iman aliingia katika Vogue mwaka 1976. Ameeleza mara nyingi kwamba katika kazi hizo za mwanzo mpambaji alimwuliza kama amekuja na krimu yake ya rangi ya usoni, kwa kuwa pale hapakuwa na inayolingana na ngozi yake. Akaanza kujichanganyia mwenyewe. Alidumu katika kazi hiyo hadi mwaka 1989, akafanya kazi na wabunifu wakubwa, Yves Saint Laurent akiwa mmoja wao. Mwaka 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi yenye jina lake, iliyowalenga wanawake wenye ngozi za rangi ambazo maduka mengi yaliziacha. Mwaka 2013, pamoja na Bethann Hardison, alipaza sauti dhidi ya maonyesho ya mavazi yaliyokuwa yakipitisha jukwaani wanamitindo weupe karibu peke yao.

Msomaji avitazame vitenzi: alidai, alichanganya, alianzisha, alipaza. Na mwaka 2001 alitoa kitabu ambacho kichwa chake chote ni nafsi ya kwanza: I Am Iman. Aliyekuwa yambwa ya sentensi za wengine alijiweka kuwa kiima.

6. Tunachojifunza

Nisingeandika haya kama kitenzi hiki kingekuwa cha Beard peke yake. Mwaka jana nilivuka mto kwenda Lubunga kukusanya maneno ya uvuvi kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho. Mama mmoja mzee alinifundisha majina ya aina za mitego kwa saa tatu, akinisahihisha matamshi kwa uvumilivu. Niliporudi nilifungua daftari nikaandika: "Nimegundua maneno kumi na manne." Hapo nikasita. Mimi sikugundua kitu. Nilifundishwa, na mwalimu wangu alikuwa amekaa mbele yangu. Nilikifuta kitenzi, nikaandika: "Mama amenifundisha maneno kumi na manne." Sentensi ya pili ina ukweli zaidi, tena ni bora kisayansi, kwa kuwa inaonyesha chanzo cha data.

Zoezi kwa wenzangu: chukua kazi yako uliyoandika kuhusu lugha yoyote ya Tshopo. Piga mstari chini ya kila kugundua, kupata na kukusanya. Halafu uliza kila mara: nani alijua kabla yangu, na katika sentensi yangu amesimama wapi?