Somo la Kigari: Mita 20 kwa Sekunde Moja

Shika kifundo cha mkono wako uhesabu mapigo ya moyo. Ikiwa umetulia, kati ya pigo moja na la pili hupita karibu sekunde moja. Katika muda huo mfupi, kigari kilichotengenezwa na wanafunzi huweza kukimbia mita 20, yaani mwendo wa wastani wa kilomita 72 kwa saa.

Mashindano ya vigari hivyo yalianzia Uingereza karibu na mwaka 2000, nayo yana fainali za dunia tangu mwaka 2005. Kwa miaka mingi yalijulikana kwa jina la F1 in Schools, na mwaka 2025 yakaitwa STEM Racing. Timu huwa na wanafunzi 3 hadi 6. Mmoja huongoza, mwingine huchora kigari kwa kompyuta, mwingine husimamia utengenezaji, na mwingine hutafuta fedha. Kigari huchongwa kwa mashine kutoka katika kipande kimoja cha mbao nyepesi au povu gumu. Hakina injini. Nyuma yake hutiwa mtungi mdogo wenye gramu 8 za hewa ya kaboni iliyoshindiliwa. Mtungi ukitobolewa, hewa huruka nyuma na kigari huruka mbele, kama vile puto lililoachiwa kabla ya kufungwa. Uzi ulionyoshwa njiani hukizuia kisipotee.

Basi, ikiwa mitungi yote ni sawa, kwa nini kigari kimoja kikishinde kingine? Kwa sababu kila kigari kina maadui watatu.

Adui wa kwanza ni uzito. Kanuni ya pili ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, yatufundisha kwamba nguvu ile ile ikisukuma kitu kizito zaidi, kitu hicho huongeza mwendo polepole zaidi. Tufanye hesabu. Tuseme nguvu haibadiliki njia nzima, tena tusijali hewa wala msuguano. Kigari A chamaliza mita 20 kwa sekunde 1. Kigari B, pamoja na mtungi wake, kimezidi uzito wa A kwa sehemu moja ya kumi tu. A kikifika mwisho, B kitakuwa kimekwenda mita 20 kugawanya kwa 1.1, yaani mita 18.18. Kimeachwa nyuma mita 1 na sentimita 82! Lakini usidhani kwamba dawa ni kukwangua mbao bila mwisho. Sheria za mashindano huweka uzito wa chini, na mwili uliokwanguliwa mno huvunjika.

Adui wa pili ni msuguano, hasa pale gurudumu linapozunguka katika ekseli. Ekseli iliyopinda kidogo tu hula nguvu. Gurudumu lenyewe nalo lina siri yake: hulazimika kwenda mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo gramu 1 iliyo kwenye ukingo wa gurudumu hudai nishati sawa na gramu 2 zilizo mwilini. Fundi hodari hupunguza uzito wa ukingo kwanza.

Adui wa tatu ni hewa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana pua ya kigari hufanywa laini, na magurudumu ya mbele hutafutiwa kinga, ili hewa ipite bila kugombana nayo.

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Tuseme timu moja imebadili pua, magurudumu na ekseli kwa siku moja, na kigari kikaongeza mbio. Washangilie? Bado. Huenda pua mpya ni mbaya, ila magurudumu mapya yamefunika ubaya wake. Timu hiyo imepata ushindi wa siku moja, lakini haikupata elimu. Afadhali ile iliyobadili kitu kimoja, ikajaribu mara tano, ikaandika, kisha ikabadili cha pili. Haraka haraka haina baraka, hata katika mashindano ya mbio! Waamuzi nao wanalijua hilo. Hawatazami saa peke yake, bali husoma kitabu cha kazi cha timu na kuwahoji wanafunzi kwa nini walifanya walivyofanya. Kigari chenye mbio kuliko vyote chaweza kukosa kombe.

Nawe waweza kuanza bila mtungi wala kompyuta. Chukua ubao wa mita 2, uinue upande mmoja kwa matofali mawili, uteremshe kigari cha mbao hadi sakafuni. Usipime muda kwa saa ya mkononi, maana kidole cha mtu huchelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde, na kosa hilo lameza tofauti unayoitafuta. Pima umbali kigari kinaoviringika sakafuni kabla ya kusimama. Rudia mara tano, upate wastani. Kisha paka mafuta kwenye ekseli, na usiguse kingine chochote. Pima tena.

Maswali
1. Kigari C kimezidi uzito wa A kwa sehemu moja ya nne. Kwa hesabu ile ile, kitaachwa nyuma mita ngapi?
2. Kwa nini twapima mara tano wala si mara moja?
3. Kigari kizito na kigari chepesi vikiteremka ubao mmoja, je, chepesi kitashinda? Kumbuka kwamba hapa kinachovuta si mtungi, bali ni uzito wenyewe. Jaribu kwanza, ndipo ujibu.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa sayansi kabla ya kufunga shule, pamoja na vipimo vyote, hata vile visivyokupendeza.