Mchuzi wa Mboga wa Nazi na Lishe Iliyomo

Mchuzi wa mboga wa Pwani hupikwa kwa viazi, karoti, biringani, bamia na nyanya, ukaungwa kwa kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na tui la nazi. Harufu huletwa na viungo, lakini lishe yenyewe imo kwenye mboga.

Rangi ya chungwa ya karoti hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga. Rangi hiyo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, ndiyo maana tui au mafuta kidogo huusaidia mwili kuifyonza. Vitamini C ni dhaifu zaidi: moto huipunguza na maji huichukua. Hapa mchuzi unaishinda mboga iliyochemshwa ikamwagwa maji, kwani kilichotoka kwenye mboga hubaki sufuriani na huliwa na wali. Muhimu ni kutoiacha mboga motoni ikapondeka. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, viazi na karoti vitangulie, bamia zifuate mwishoni, na sufuria ifunikwe. Magadi hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini C na B1. Ni heri yaachwe kabisa.

Kinachoharibu mchuzi mzuri mara nyingi ni mafuta yanayomiminwa bila kipimo. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban kilokalori 120, na tui zito nalo lina mafuta yanayopandisha lehemu. Tui jepesi lapikia vizuri. Zito litiwe kidogo wakati wa kuepua.

Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, isifikie gramu 5, yaani kijiko cha chai. Vidonge vya mchuzi vina chumvi nyingi, hivyo anayevitumia apunguze ya mkononi. Bizari, tangawizi na ndimu hukifanya chakula kisiwe chapwa hata chumvi ikipungua, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Bizari ya manjano husifiwa kama tiba, ila kiasi kinachotiwa chunguni hakiwezi kushika nafasi ya dawa za kisukari wala shinikizo la damu.

Protini katika mchuzi huu ni chache. Konzi ya kunde, choroko au dengu huiongeza, pamoja na madini ya chuma, ambayo ndimu husaidia kufyonzwa na chai huzuia. Chai inywewe baadaye.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 apakuliwe kabla ya chumvi na pilipili, mboga zipondwe laini, na aendelee kunyonya.