Karatasi ya mshahara ya kaka yako yaweza kulimaliza duka lako

Leo sizungumzii kupiga picha nzuri wala kumjibu mteja haraka. Leo ni makato ya mshahara. Najua kuna atakayesema, "Mi sijaajiriwa, makato yanihusu nini?" Hata mimi nilikuwa nikisema hivohivo. Yakaja kunimalizia mtaji, na yakanikosanisha na binti wa ami yangu. Chukua kalamu na daftari, manake mbele kuna hesabu.

ILIVYOKUWA

Nauza madera na leso hapa Mombasa, kwa simu na kwa kijiduka changu kule Majengo. Nilimaliza kidato cha nne, biashara nimejifunza kwa kuanguka na kuinuka. Nyumbani tuko mama, kaka yangu mkubwa, mdogo wetu aliye sekondari, na mimi. Kaka ameajiriwa, mshahara wake ni 50,000 kabla ya makato. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa pango, karo na stima. Mimi natoa ya mboga tu.

Kuanzia 2023 kaka akawa na neno moja kila mwisho wa mwezi: "Mwezi huu nimepungukiwa kidogo, niongezee." Mara stima, mara gesi, mara karo. Mimi nachukua kwenye pesa za duka natuma. 300, 700, 1,200. Wala siandiki. Ni nyumbani kwetu, niandike ya nini?

Basi ikakaribia Ramadhani ya 2025. Anayeuza madera ajua, huo ndio msimu, lazima mzigo uwe umeingia mapema. Mimi huzungusha mtaji wa 40,000. Nilipoangalia nikakuta 13,600. Rafu ziko tupu, kwa hivyo mali imeuzwa. Pesa ziko wapi?

Mtu mwingine aliyekuwa akishika ile simu ya duka ni binti wa ami yangu, hunisaidia kufunga mizigo na kupokea oda. Nikamuuliza. Tena sikumuuliza vizuri, nilimuuliza mbele ya mama. Hakujibu kitu. Aliweka funguo mezani akaenda zake.

Usiku ule nikakaa na jumbe za M-Pesa za miezi sita, naandika moja moja. Stima. Gesi. Karo. Dawa za mama. Unga. Nilipojumlisha nikapata 26,150, zote zimetumwa kwa mkono wangu mwenyewe. Zimebaki 250 ambazo hata leo sijui zilikwenda wapi, labda ni nauli.

Nilikwenda kumuomba radhi. Alinisamehe, lakini alirudi baada ya wiki mbili. Ramadhani ile nilifunga mizigo peke yangu na kwa mzigo mdogo. Niliuza madera 31. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeuza 70.

Ndipo nikamwambia kaka, "Hebu nionyeshe hiyo karatasi ya mshahara." Hapo ndipo somo lenyewe linaanza.

SOMO LA 1: SOMA KARATASI YA MSHAHARA MSTARI KWA MSTARI

Hapa Kenya, mtu wa mshahara wa 50,000 mwezi wa Januari 2023 alikuwa akikatwa hivi:

NSSF: 200
NHIF: 1,200
Kodi ya mapato (PAYE): kama 7,143
Mkononi: kama 41,457

Kwa hesabu za 2025, mtu huyohuyo, kazi ileile, mshahara uleule:

NSSF: 3,000
Bima ya afya (SHIF): 1,375
Ada ya nyumba za bei nafuu: 750
Kodi ya mapato (PAYE): kama 5,846
Mkononi: kama 39,029

Amepungukiwa 2,428 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya 29,000. Na hapo bado hujaweka bei za vitu.

Yalikuja moja moja, ndio maana wengi hawakuyaona. Viwango vipya vya NSSF vilianza Februari 2023 na vikawa vinapanda hatua kwa hatua kila Februari. Ada ya nyumba, ambayo ni asilimia 1.5 ya mshahara, ilianza Julai 2023, mahakama ikaisimamisha Januari 2024, ikarudi na sheria mpya Machi 2024. SHIF ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na yenyewe ni asilimia 2.75 bila kikomo. Zamani hata anayepata laki moja na zaidi alikuwa akilipa NHIF 1,700 basi. Leo wa laki moja analipa 2,750.

Kuna jambo watu hubishania sana. Mmoja asema kodi imepanda, mwengine asema imeshuka. Ukiangalia mstari wa PAYE peke yake, kweli umeshuka, kutoka 7,143 hadi 5,846. Sababu mojawapo ni sheria iliyoanza kazi mwisho wa Desemba 2024: SHIF na ada ya nyumba sasa zinatolewa kwanza, kama NSSF, halafu kodi inapigwa kwa kilichobaki. Lakini nyumba haili mstari wa PAYE. Nyumba inakula mstari wa mwisho kabisa, ule wa "mkononi". Huo ndio wa kuuliza.

Na tuseme kweli, NSSF si pesa iliyopotea. Ni akiba ya uzeeni, na mwajiri naye anaongeza kiasi kama hicho. Lakini akiba ya uzeeni haijazi mtungi wa gesi leo.

Makato peke yake hayafikishi zile 26,150 zangu. Ongeza bei: Julai 2023 VAT ya mafuta ya gari ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na ukiuza kwa simu wajua boda akipandisha ni nani anayelipa. Kilichobaki ni tabia yangu ya kutuma bila kuandika.

SOMO LA 2: NYUMBA IPEWE KIWANGO, DUKA LIACHWE LIPUMUE

Kodi ikipanda, nyumba haifi. Inatafuta pesa pengine. Kwetu ilizitafuta sehemu mbili. Ya kwanza ni duka langu. Ya pili nilikuja kuijua baadaye: kaka alikuwa akichukua mkopo wa simu kila ikifika tarehe 20, mshahara ukiingia mkopo wajilipa wenyewe, na pengo la mwezi ujao linakuwa kubwa zaidi.

Tulikaa mkekani, mama, kaka na mimi, tukaandika kila kitu. Tukaamua hivi:

Kaka abaki na pango na karo. Kwa 39,000 anaweza, mradi asikope.

Mimi nichukue stima na gesi na ya mboga. Nimejipangia 4,000 kwa mwezi, natuma tarehe 5, mara moja. Huo ndio mshahara wangu kwa nyumba. Ikiisha imeisha, tunakaa tena mkekani.

Unga na mafuta ya kupikia tunanunua kwa jumla na jirani, tunagawana.

Dharura, kama dawa, inatoka dukani kwa kuandikwa, na jina la aliyechukua. Hata kama ni mama.

Hapo kwenye kuandika mama aliniambia, "Kwa hivyo mimi ni mdeni wako?" Iliniuma. Nikamwambia, "La mama, mdeni ni mimi. Duka likifa tutakosa sote." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza daftari liko wapi. Wewe nawe utakutana na neno kama hilo kwenu. Jiandae, na ulijibu kwa adabu.

SOMO LA 3: KODI YAKO MWENYEWE IWEKE KANDO SIKU ILEILE

Tunalia na makato ya wenzetu kumbe sisi nasi tunayo yetu. Mauzo yako yote kwa mwaka yakizidi milioni 1 na yasizidi milioni 25, kuna ile kodi ya mauzo wanayoiita TOT. Ilikuwa asilimia 1. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Inalipwa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kupitia iTax ya KRA.

Sikiliza vizuri: ni asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Tofauti ni kubwa.

Dera nauza 1,000. Limenigharimu 700 mpaka kufika kwa mteja. Faida 300. Kodi ni 30. Yaani kodi imechukua moja ya kumi ya faida yangu. Naweza kuishi nayo.

Lakini ukiuza kitu 1,000 ambacho kimekugharimu 900, faida ni 100 na kodi ni 30 vilevile. Karibu thuluthi ya faida imekwenda. Na ukiuza kwa hasara bado wadaiwa 30.

Kwa hivyo wewe ambaye faida yako ni nyembamba, kama wauzaji wa simu au wa vyakula vya jumla, fanya hesabu kabla ya kufuata bei ya jirani. Sheria pia inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba hutaki TOT, utozwe kwa faida kama biashara za kawaida. Lakini hapo lazima uwe na risiti na vitabu vya kweli. Bila daftari huna la kumwonyesha mtu.

Kama mauzo yako hayafiki milioni 1 kwa mwaka, TOT haikuhusu. Lakini ukiwa na PIN usisahau ritani ya mwaka kabla ya Juni 30. Faini zake ni za kipuuzi, unalipa kwa kusahau tu. SHIF nayo hata asiyeajiriwa inamhusu, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi.

Mimi nafanyaje? Kila jioni naangalia mauzo ya siku. Nimeuza 4,000, naondoa 120 naiweka kando kwa jina "si yangu". Tarehe 20 ikifika sikimbizani na mtu.

SOMO LA 4: MTEJA WAKO NAYE AMEKATWA

Yule mwalimu aliyekuwa akinunua madera mawili kila mwezi na sasa anauliza tu "bei?" halafu kimya, hakuchukii. Naye karatasi yake imepungua. Nilipolielewa hilo nikabadilisha mambo matatu.

Kwanza, mzigo mpya nauonyesha kuanzia tarehe 27 mpaka tarehe 5. Katikati ya mwezi naonyesha vitu vidogo, vya 200 na 300, manake mfukoni ndizo zilizobaki.

Pili, nimefungua lipa mdogomdogo. Mteja analipa mara tatu, dera linakaa kwangu limeandikwa jina lake, akimaliza anachukua. Simpi mali kwa deni. Nampa nafasi.

Tatu, nimeacha kukata bei ovyo. Ukipunguza 100 kwenye dera la 1,000 waona umetoa asilimia 10. Si kweli. Faida yako ilikuwa 300, kwa hivyo umetoa thuluthi ya faida. Ukitoa na ile 30 ya kodi, umebaki na takriban 170. Sasa hiyo ya stima utaitoa wapi? Utarudi kulekule kwenye mtaji.

KAZI YA LEO USIKU

Moja. Fungua jumbe zako za M-Pesa za miezi mitatu. Andika kila shilingi iliyotoka dukani kwenda nyumbani. Jumlisha. Usimshuku mtu kabla ya kumaliza hesabu hiyo.

Mbili. Muombe mwenye mshahara nyumbani kwenu, awe mume, mke, kaka au baba, akuonyeshe karatasi yake. Muombe kwa upole, wengi huwaonea haya. Kaka yangu alikuwa ameificha miaka miwili akidhani nitamwona hawezi nyumba.

Tatu. Kubalianeni kiwango kimoja cha duka kutoa kwa mwezi. Tarehe moja. Kiandikwe.

Nne. Kuanzia kesho, asilimia 3 ya mauzo kando kila jioni, kama uko kwenye hicho kiwango cha TOT.

Mimi sasa mtaji umerudi. Ulichukua muda, niliurudisha dera kwa dera. Binti wa ami yangu bado tuko pamoja dukani. Daftari anashika yeye, na mimi nikitaka pesa ya nyumbani kabla ya tarehe 5, namuomba kama mtu mwengine yeyote. Juzi nilitaka 500 akaniuliza, "Ya nini?" Nikamwambia. Akaandika.