Tume ya Ushauri ya Jiji na Mlango wa Duka: Somo la Tabianchi kwa Watumishi wa Afya

Utangulizi

Mabadiliko ya tabianchi hujadiliwa zaidi katika mikutano ya mataifa, lakini madhara yake hupokelewa katika kituo cha afya cha kata. Joto lililopita kiasi, mafuriko yanayochanganya maji ya kunywa na ya vyoo, na moshi wa nishati chafu havina kliniki yao maalumu. Huja kwetu kwa majina mengine: figo zilizoumia, kuhara, pumu iliyochachamaa, moyo uliochoka. Tunamtibu mgonjwa, akapata nafuu, kisha akarejea kwenye jiko lile lile, chini ya bati lile lile. Baada ya muda tunamwona tena.

Somo hili linahusu chombo kinachoweza kufika pale ambapo dawa haifiki, yaani tume ya ushauri ya jiji kuhusu tabianchi na mazingira, na hasa kazi yake ya kuwafuata wafanyabiashara mahali pao pa kazi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:
(a) kueleza tume ya ushauri inapata wapi nguvu zake;
(b) kueleza uhusiano wa biashara za mjini, joto, moshi na afya, na
(c) kubainisha nafasi ya mtumishi wa afya katika kazi hiyo.

Tume isiyo na amri

Tume ya ushauri ni kundi la wananchi walioteuliwa kuwashauri meya, madiwani na watendaji wa jiji. Wajumbe wake huwa ni watu wa taaluma na shughuli mbalimbali: wahandisi, walimu, wafanyabiashara, wataalamu wa afya, wawakilishi wa mitaa. Kwa kawaida tume ya namna hii haitungi sheria ndogo, haitozi faini, wala haifungi duka la mtu. Kwa sababu hiyo wengi huidharau na kusema kwamba ni mahali pa kunywa chai na kuandika taarifa.

Dharau hiyo haina msingi mkubwa, na sisi tulio katika tiba tuna sababu ya kulitambua hilo mapema. Daktari naye hana amri juu ya mgonjwa wake. Hawezi kumwekea askari mlangoni ili ameze vidonge vya shinikizo la damu. Alicho nacho ni uchunguzi uliofanyika vizuri, maelezo yanayoeleweka, tiba ambayo mgonjwa anaweza kuimudu, na tarehe ya kurudi. Kimojawapo kikikosekana, ushauri hugeuka kuwa maneno matupu. Tume ya jiji huishi au hufa kwa mambo hayo hayo manne.

Mfano wa San Francisco

Jiji la San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, lina Tume ya Mazingira iliyowekwa katika katiba ya jiji katikati ya miaka ya 1990. Ina wajumbe saba wanaoteuliwa na meya. Huweka sera za Idara ya Mazingira ya jiji, na humshauri meya pamoja na baraza la madiwani. Vikao vyake ni vya wazi, na mwananchi yeyote anaweza kuhudhuria na kusema.

Mambo mawili katika historia ya jiji hilo yanafaa kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba mwaka 2003 jiji lilipitisha kanuni ya tahadhari kuwa msingi wa maamuzi yake ya mazingira. Kwa maneno rahisi, kanuni hiyo inasema kwamba pale penye dalili za kuaminika za madhara makubwa, kukosekana kwa uthibitisho kamili hakutakuwa kisingizio cha kuahirisha kinga. Mtu wa afya ya jamii hataona jambo geni hapo, kwani chanjo, vyandarua na maji safi husimama juu ya fikra hiyo hiyo.

La pili ni namna jiji lilivyozungumza na wenye biashara. Mwaka 2011 lilipitisha sheria inayowataka wamiliki wa majengo ya biashara yenye ukubwa wa takriban mita za mraba 930 na zaidi kupima na kutoa taarifa ya matumizi ya nishati kila mwaka, na kufanya ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitano. Kabla ya sheria hiyo, kikosi kazi kilichowahusisha watu wa sekta ya majengo kilikuwa kimekaa na kutoa mapendekezo. Sheria ilianza kwa kudai kipimo. Mmiliki aliyeona kwa mara ya kwanza kiasi cha umeme kinachopotea katika viyoyozi na taa zake alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kubadilika.

Sambamba na sheria, upo mpango wa kuzitambua biashara zinazojali mazingira. Migahawa, hoteli, ofisi na gereji hupewa ushauri, hukaguliwa kwa orodha ya vigezo, na zinazofaulu hupewa alama ya kubandika dukani. Mwenye duka mdogo asiye na mhandisi wala mwanasheria hupata mtu wa kumwonyesha hatua zinazopunguza umeme, maji, taka na kemikali zenye sumu. Faida ya afya haimwendei mteja peke yake. Anayefaidika mapema zaidi ni mfanyakazi anayeshinda humo kutwa nzima.

Mfano wa Ahmedabad

San Francisco ni jiji tajiri, na msomaji anaweza kuuliza kama mambo hayo yanawezekana penye kipato kidogo na joto kali. Jibu linapatikana katika jiji la Ahmedabad, magharibi mwa India. Mwezi Mei 2010 jiji hilo lilipigwa na wimbi la joto lililofikia nyuzi joto 46.8 za Selsiasi. Watafiti waliolinganisha vifo vya mwezi huo na vya kipindi kama hicho katika miaka ya jirani walikadiria kuwa kulikuwa na vifo 1,344 zaidi ya kawaida.

Mwaka 2013 halmashauri ya jiji, ikishauriwa na wataalamu wa afya ya jamii na watafiti wa ndani na nje ya nchi, ilizindua mpango wa kukabiliana na joto. Haukuhitaji mitambo mikubwa. Ulihusu tahadhari za rangi zinazotolewa kabla ya siku za joto kali, mafunzo kwa watumishi wa afya ya kutambua na kutibu madhara ya joto, elimu kwa wafanyakazi wa nje, na maji ya kunywa mahali pa watu wengi. Baadaye kazi ya kupaka mapaa rangi nyeupe inayorudisha miale ya jua nayo iliingizwa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2018 ilikadiria kuwa wastani wa vifo 1,190 kwa mwaka viliepukwa baada ya mpango kuanza. Makadirio ya aina hii yana mipaka yake, lakini yanatosha kuonyesha kwamba ushauri uliopangwa vizuri huokoa maisha hata pale ambapo bajeti ni ndogo.

Kwa nini wafanyabiashara?

Mtu mzima wa mjini hutumia sehemu kubwa ya siku yake mahali pa kazi: sokoni, gereji, kiwandani, kwenye kibanda cha chakula. Hapo ndipo mwili wake hukutana na hatari mbili kuu.

Hatari ya kwanza ni joto. Mwili hujitahidi kubaki karibu na nyuzi joto 37 kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Hewa ikiwa ya moto na yenye unyevu mwingi, kama ilivyo katika miji ya pwani, jasho halikauki vizuri na mwili haupoi. Moyo hulazimika kufanya kazi zaidi, maji hupungua, na figo hupata damu kidogo. Joto la mwili likifika nyuzi 40 au zaidi na mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura inayoweza kuua kwa muda mfupi. Apozwe mara moja kwa maji na upepo, asisubiri gari la wagonjwa.

Hatari ya pili ni moshi. Mkaa, kuni na jenereta za dizeli hutoa chembe laini ambazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe hizo hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mama lishe anayepika kwa mkaa ndani ya kibanda kisicho na upepo huvuta hewa ya namna hiyo kwa saa nyingi, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo hatua inayopunguza gesijoto katika biashara mara nyingi hupunguza pia ugonjwa. Jiko safi, paa jeupe, dirisha la kupitisha hewa, mti wa kivuli na jokofu lisilovuja ni mambo ya tabianchi na ya tiba kwa wakati mmoja.

Namna ya kumfikia mfanyabiashara

Ushauri kwa mfanyabiashara una hatua nne, na mpangilio wake ni muhimu.

Kwanza, msikilize. Mama lishe anajua kuwa moshi unamuumiza macho na kifua, hahitaji kuambiwa. Anachokijua yeye na ambacho mshauri huenda hakijui ni hesabu yake ya kila siku. Mkaa hununuliwa kwa kopo kulingana na fedha iliyopo asubuhi hiyo. Mtungi wa gesi hulipiwa kwa mkupuo mmoja. Anayehubiri gesi bila kuigusa hesabu hiyo amemwandikia mgonjwa dawa isiyopatikana katika duka lolote la mtaani kwake. Gesi inayolipiwa kidogo kidogo kwa mita, au mkopo wa kikundi, inaweza kuwa ndiyo tiba yenyewe.

Pili, pima. Andika uniti za umeme zinazotumika kwa mwezi, kiasi cha mkaa, joto la ndani saa nane mchana, na siku ambazo wafanyakazi hawakuja kwa ugonjwa. Bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayejua kama pamekuwa na mabadiliko.

Tatu, anza na jambo moja linalolipa haraka. Ratiba ya kazi nzito ikihamishiwa asubuhi, pakawa na maji na kivuli, gharama ni ndogo na nafuu huonekana wiki hiyo hiyo.

Nne, rudi. Ziara ya pili ndiyo inayotofautisha ushauri na hotuba.

Mahali ambapo tume hushindwa

Tume hushindwa pale viti vyake vinapokaliwa na makampuni makubwa peke yake, wachuuzi wakabaki kuwa watu wa kuzungumziwa. Hushindwa inapogawa vyeti bila ukaguzi, kwa kuwa mteja akigundua mara moja kwamba alama ya ukutani haina ukweli, haiamini tena. Hushindwa mjumbe anapopendekeza bidhaa anayoiuza mwenyewe. Ni lazima maslahi ya aina hiyo yatangazwe kabla ya kikao. Zaidi ya yote, hushindwa inapoutupa mzigo kwa mnyonge: kumwondoa mchuuzi barabarani kwa jina la mazingira bila kumpa mahali pengine kunazalisha umaskini, nao umaskini huleta maradhi.

Nafasi ya mtumishi wa afya nchini

Hapa Tanzania hatuanzi patupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka kamati za mazingira katika halmashauri hadi ngazi za chini za kata na mtaa. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 lilionyesha kuwa tabia ya sokoni inaweza kubadilika nchi nzima. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo haliwezi kufikiwa na wizara peke yake. Litafikiwa kibanda kwa kibanda, na kamati zilizopo zinaweza kupewa jukumu la kushauri biashara za eneo lao.

Mtumishi wa afya ana mambo matatu ya kupeleka katika kamati hizo. La kwanza ni takwimu za kituo chake, bila majina ya wagonjwa: ni kata ipi ina pumu nyingi zaidi, na ni mwezi upi wa joto huleta wagonjwa wengi walioishiwa maji. La pili ni lugha. Diwani asiyeguswa na tani za hewa ukaa huguswa na idadi ya watoto waliolazwa kwa nimonia. La tatu ni mfano: hospitali nayo ina majiko, jenereta, viyoyozi na tanuri la taka, na ushauri wake utasikilizwa zaidi ikiwa imeanza kupima matumizi yake yenyewe.

Hitimisho

Tume ya ushauri haina rungu, lakini ina mlango wa kuingilia katika maisha ya watu wanaougua kwa sababu ya mahali wanapofanyia kazi. Thamani yake hupimwa kwa yale yaliyobadilika katika duka, gereji na jiko baada ya ziara yake ya pili. Watumishi wa afya wasipokaa katika vikao hivyo, nishati, mapaa na saa za kazi zitaamuliwa bila mapafu na figo kuwa na msemaji.

Maswali ya tafakuri

1. Taja biashara tatu zilizo karibu na kituo chako zinazotumia mkaa, kuni au jenereta. Wafanyakazi wake huugua nini mara kwa mara?
2. Ni takwimu gani ya kituo chako inayoweza kuishawishi kamati ya mazingira ya kata?
3. Eleza hatua moja isiyo na gharama kubwa ambayo mwenye gereji anaweza kuichukua kabla ya msimu wa joto.
4. Je, kituo chako kinajua kinatumia uniti ngapi za umeme kwa mwezi?