Kuwatambua Nondo wa Ghalani kwa Picha



Nondo wa ghalani hufanana, bali madhara yao ni mbalimbali. Katika picha tutazame mabawa. La mbele likiwa kijivu hafifu mwanzoni, kisha wekundu wa shaba, huyo ni Plodia interpunctella. Viwavi wake hutanda nyuzi juu ya nafaka. Mabawa yakiwa membamba, rangi ya mabua makavu, na la nyuma lina ncha kali na nywele ndefu, huyo ni Sitotroga cerealella. Kiwavi wake hukaa ndani ya punje ya mpunga au mahindi, hata kupeta hakumtoi.

Lakini Cadra cautella na Ephestia elutella hawapambanuki kwa yakini ila viungo vyao vya uzazi vitazamwe kwa hadubini. Basi pamoja na picha, mtuletee nondo mwenyewe ndani ya kibiriti, bila kumshika mabawa: vumbi lake likifutika, alama zimekwenda.