Mwanga wa Buluu

Soma kwa Somo Hili: Mithali 22:3, Hosea 4:6, Wakolosai 1:16, 17, Waebrania 11:3, Yohana 15:13.

Fungu la Kukariri: Mithali 22:3

Wazo Kuu: Vitu visivyoonekana navyo hufuata sheria za Muumbaji. Kuzijua sheria hizo na kuwafundisha wengine ni sehemu ya uwakili wa Mkristo.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika jengo la kituo cha tiba kilichokuwa kimehama. Walikuta mashine ya mionzi imeachwa humo. Wakang'oa sehemu yake nzito, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga usiofika gramu 100, na gizani unga ule ulitoa mwanga wa buluu. Mwenye duka akaona ni kitu cha thamani, akawagawia ndugu na marafiki. Wengine walijipaka mwilini. Unga huo ulikuwa na sesiamu-137.

Kiini Kisichotulia

*Soma Waebrania 11:3 na Wakolosai 1:16, 17. Mafungu haya yanasema nini juu ya vitu visivyoonekana, na juu ya Yeye anayevishikilia?*
______________________________

Paulo hakuwa akifundisha fizikia. Alisema juu ya enzi na mamlaka. Lakini neno lake linahusu vitu vyote, na atomi ni miongoni mwa hivyo. Katikati ya atomi kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na nje yake kuna elektroni. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alionyesha kwamba kiini ni kidogo mno, ingawa karibu uzito wote wa atomi umo ndani yake. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua kitu ni kipi: kaboni ina 6, sesiamu 55, dhahabu 79.

Viini vingi vimetulia. Vingine havina uwiano mzuri wa protoni na nyutroni, navyo hubadilika kwa kutoa mionzi. Katika sesiamu-137, nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, elektroni hurushwa nje, na sesiamu huwa bariamu yenye protoni 56. Mara nyingi kiini hicho kipya hutoa mionzi ya gama, ambayo hupenya mwili na kudhuru seli zake.

Hakuna ajuaye atomi ipi itageuka leo na ipi kesho. Hata hivyo, zikiwa nyingi, mwendo wake hujulikana: kila baada ya miaka 30 hivi, nusu ya sesiamu-137 huwa imegeuka. Iliyokuwapo mwaka 1987 ilibaki nusu mwaka 2017, na mwaka 2047 itabaki robo. Kuichoma moto hakuiharakishi, wala kuifukia hakuizimi.

Waliojua na Wasiojua

*Soma Hosea 4:6. Ni nani hasa anayelaumiwa katika fungu hili, na kwa nini?*
______________________________

Hosea anawaelekea makuhani, waliopewa maarifa wakayakataa, hata watu wakaangamia. Huko Goiânia pia, walioifahamu mashine ile walikuwapo, walioivunja hawakufahamu.

Mke wa mwenye duka aliona watu wakiugua, akaushuku ule unga. Tarehe 28 Septemba, yeye na mfanyakazi mmoja waliupeleka kwa basi hadi ofisi ya afya. Kwa hatua hiyo hatari ikatambuliwa. Watu zaidi ya 100,000 walipimwa, na 249 walikutwa wamepatwa na sesiamu. Wanne walifariki mwezi Oktoba, miongoni mwao mama huyo na binti wa miaka 6.

Mashine ile ilikuwa imetengenezwa ili kutibu saratani. Hata leo, katika hospitali kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, mionzi iliyopimwa na kuelekezwa vizuri huua seli za saratani. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine iliyo nje ya mwili habaki na mionzi mwilini, wala hamwambukizi mtu. Kumkwepa mezani au kanisani ni kumwongezea mzigo bila sababu.

Maswali ya Kujadili

1. Kijana wa sekondari anafundishwa kwamba kugeuka kwa atomi hutumiwa kukadiria umri wa miamba kuwa mamilioni ya miaka. Kanisani anafundishwa uumbaji wa siku sita. Je, darasa lenu humsikiliza au humkaripia? Mtamsaidiaje kutofautisha kinachopimwa leo na kinachokadiriwa juu ya hali ya mwanzo, bila kuwadharau wanasayansi wala Neno?

2. Alama ya mionzi ni duara dogo lenye mapanga matatu kulizunguka, mara nyingi jeusi juu ya rangi ya manjano. Anayeiona kwenye chuma asikiguse. Asogee mbali na kutoa taarifa. Ni nani atakayewafundisha hayo vijana wanaookota vyuma chakavu mtaani kwenu?

3. Nani kati ya washiriki wenu yuko kwenye tiba ya mionzi? Nani atamtembelea juma hili?

4. Soma Yohana 15:13. Mama yule alibeba hatari ambayo hakuijua yote. Kristo aliibeba ya kwetu akiijua yote. Je, jambo hilo linabadilishaje namna unavyomtazama Yeye, na jirani yako?