SOMO: KIOTA KILICHO NJIANI

Kwanza msome: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Yeremia 8:7, Luka 12:6-7.



Katika vitabu vya Musa imo sheria moja fupi ambayo haisomwi mara nyingi kanisani. Ni sheria ya mtu apitaye njiani akakuta kiota cha ndege, juu ya mti au chini, na mama amelalia mayai au makinda. Mtu huyo ana ruhusa kuwachukua makinda, lakini mama ni lazima amwache aende zake. Kisha yafuata ahadi: atapata heri, na siku zake zitakuwa nyingi.

Wengi huipita sheria hii haraka, wakidhani ni jambo la watoto wenye manati. Lakini sisi tunaokaa pwani, tangu Moa na Jasini mpaka Tanga, Pangani na Saadani, yatupasa kuisoma taratibu. Kwetu viota vingine haviko mitini. Viko chini, mchangani, pale pale tunapokanyaga.

1. Sheria yasema nini

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, sheria hii haikuandikiwa watu walioshiba. Yule msafiri ana njaa, na Mungu hamwambii alale na njaa yake. Pili, mama aachwa kwa sababu ndiye atakayetaga tena. Mwenye kuchukua makinda amekula chakula cha leo. Mwenye kuchukua makinda pamoja na mama amekula na cha kesho, tena cha wajukuu wake.

Tatu, tutazame ahadi. Siku nyingi ndizo pia alizoahidiwa mtu awaheshimuye baba yake na mama yake (Kumbukumbu la Torati 5:16). Amri moja ni kubwa, inahusu wazazi. Nyingine ni ndogo, inahusu ndege. Lakini ujira wake ni mmoja. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliliona jambo hilo. Walisema amri ya kiota ni nyepesi, thamani yake kama sarafu ndogo tu, na hata hivyo imewekewa ahadi kubwa namna hiyo. Basi asiyejali jambo dogo la Mungu ajiulize kama kweli analijali lililo kubwa.

2. Ndege wetu na nyakati zao

Nabii Yeremia asema kwamba ndege wa angani wayajua majira yao ya kwenda na kurudi, bali watu wa Mungu hawaijui hukumu ya Bwana. Maneno hayo mtu wa pwani ayaelewa upesi, maana sisi nasi tumelelewa kwa kusi na kaskazi.

Tangu mwezi wa Agosti na Septemba huanza kufika wageni. Yuko sururu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu. Wako vitwitwi wadogo wa aina nyingi, na baadhi yao wametoka kaskazini kabisa mwa Siberia, nchi ya barafu, walikozaliwa. Wageni hawa hawaji kutaga. Huja kula viumbe vidogo vya matopeni maji yanapokupwa. Hukaa nasi wakati wote wa kaskazi, na karibu na masika huondoka. Kabla ya kuondoka hula sana, kwa sababu mafuta ya mwilini ndiyo nauli ya safari yao. Mtu anayewafukuza huku na huku kwa mchezo anawanyang'anya nauli.

Yuko pia ndege mkubwa kidogo, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hutaga katika shimo alichimbalo mchangani, katika nchi kama Oman, Iran na Somalia, na yai lake kwa kawaida ni moja tu. Akija kwetu huja na mtoto wake, na hata hapa mtoto humfuata mzazi akililia kulishwa. Anayekaa kimya ufukoni kwetu aweza kuliona jambo hilo kwa macho yake.

Kusi nayo ina wenyeji wake. Buabua, wale ndege weupe wepesi wenye mkia wa panda, hutaga wakati huo katika visiwa vya mawe na mchanga. Jirani zetu wa Kenya wana kisiwa cha Kisite, ng'ambo tu ya mpaka wetu, kilichowekwa katika hifadhi mwaka 1973. Huko, na katika kisiwa kidogo mbele ya Watamu, buabua hukusanyika kutaga. Hawajengi kiota cha majani. Yai moja au mawili huwekwa juu ya jiwe au mchanga mtupu, na huatamiwa majuma matatu hivi. Katika fukwe zetu yuko kitwitwi mwenye paji jeupe, atagaye katika kishimo kidogo mchangani na kuyafunika mayai yake nusu kwa mchanga. Rangi ya yai ni rangi ya mchanga. Mguu wako waweza kufika kabla ya jicho lako.

3. Mayai hufaje

Mtu atasema, "Mimi sili mayai ya ndege wa baharini, kwa hiyo sina lawama." Lakini yai laweza kufa bila ya mtu kuligusa. Mtu apita, mama aruka. Mtu asimama kuzungumza na mwenzake, mama hawezi kurudi. Jua la saa sita mchana laupata mchanga mtupu, na yai lisilo na kivuli laiva. Katika nafasi hiyo hiyo kunguru ashuka.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, naye akaongezeka, akavuka mpaka bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Anayemlisha ni sisi. Matumbo ya samaki yaliyotupwa ufukoni na jaa lililoachwa wazi nyuma ya nyumba ni karamu yake, na baada ya karamu huenda kutafuta viota. Basi, kufukia takataka ni kazi ya kulinda ndege, hata kwa yule asiyejua jina la ndege hata mmoja.

4. Fundisho la Maziwe

Mbele ya Pangani, kama kilometa 8 kutoka nchi kavu, kipo kisiwa cha Maziwe. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Wakati huo kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa wengi walipanda kutaga huko. Miaka michache baadaye miti yote ilikuwa imekwisha, na kisiwa kikawa fungu la mchanga ambalo hufunikwa maji yanapojaa sana. Kutangazwa katika karatasi hakukutosha kukishika.

Lakini habari haikuishia hapo. Kasa waliendelea kuja, na mayai yao yangeoza kwa maji ya chumvi. Watu wa Ushongo walijitolea. Hufukua viota hivyo kwa uangalifu, huvusha mayai kwa mashua, huyafukia tena ufukoni bara, na huyalinda mpaka yaanguliwe. Haya ndiyo maana ya sheria ya Kumbukumbu: kizazi kijacho kisikatike.

Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na mwaka 2010 visiwa vya Ulenge, Kwale, Mwewe na Kirui vikawekwa chini ya ulinzi. Tazameni majina hayo: kwale na mwewe ni ndege. Wazee wetu walivitaja visiwa kwa majina yenye ndege ndani yake. Itakuwa aibu wajukuu wetu wakiuliza maana yake, nasi tusiwe na cha kuwaonyesha.

5. Je, hii ni kazi ya Kanisa?

Ni kazi ya Kanisa. Mwaka 1984 Baraza la Ushauri la Waanglikana lilieleza utume wa Kanisa kwa alama nne. Mwaka 1990 liliongeza ya tano: kulinda uumbaji na kuutengeneza uhai wa dunia. Si nyongeza ya watu wenye nafasi ya kupumzika. Imo katika hesabu moja na kuhubiri, kubatiza na kuwahudumia wahitaji.

Mfano upo. Mwaka 1983 kasisi mmoja wa Kianglikana kutoka Uingereza, Peter Harris, alikwenda Ureno na kuanzisha kazi iitwayo A Rocha, yaani Mwamba, ya Wakristo kuchunguza na kulinda viumbe. Kazi hiyo ilifika Kenya mwaka 1999. Huko Watamu huhesabu ndege wa hori la Mida, tena husaidia karo za watoto wa sekondari wanaotoka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo ndipo penye hekima. Mtu akipata karo ya mtoto wake kwa sababu msitu unasimama, hahitaji kufukuzwa msituni.

Hilo ndilo jibu kwa ndugu aulizaye, "Mwalinda ndege, na watu wana njaa?" Swali hilo ni la haki, na tusilijibu kwa dharau. Mungu mwenyewe alianza na njaa ya msafiri, kisha akaweka mpaka. Nasi tusimnyang'anye mvuvi yai moja kabla ya kukaa naye na kujua nyumbani kwake kunapikwa nini. Lakini pia tusimdanganye kwamba kumaliza ni kushiba. Pwani ya Tanga iliona uvuvi wa baruti: siku moja samaki tele, na mwamba uliovunjika miaka mingi.

6. Namna ya kutembea

Kundi lisizidi watu wanane au kumi. Nguo ziwe za rangi isiyong'aa. Mbwa abaki nyumbani. Wakati wa bamvua ndio mzuri wa kuhesabu, maji yakikaribia kujaa, kwa maana ndege hufukuzwa matopeni na kukusanyika pamoja kwenye mafungu ya mchanga na mashamba ya chumvi. Simameni mbali. Ndege wakiinua vichwa wote pamoja, mmekwisha kukaribia mno: rudini nyuma. Hesabuni kumi kumi, wawili wahesabu mbalimbali kisha walinganishe, na mwandike tarehe, mahali, saa na hali ya maji. Daftari lisilo na tarehe ni karatasi ya kufungia karanga.

Wakati wa kusi pitieni kwenye mchanga uliolowa, chini ya mstari wa maji kujaa, kwa sababu kiota huwa juu yake. Kitwitwi akijifanya amevunjika bawa mbele yenu, msimfuate wala msimcheke. Yupo karibu na mayai yake na anawavuta mbali. Ondokeni upesi. Mkiona kiota, msiweke kijiti cha alama karibu, kwa kuwa kunguru naye ana macho. Shule zenye Klabu za Malihai, zilizoanzishwa nchini mwaka 1980, zaweza kufanya kazi hii pamoja na vijana wetu. Majirani zetu Waislamu tuwaalike tangu mwanzo, maana ufuko ni wetu sote, na wengi wao wanazijua njia za bahari kuliko sisi.

7. Shomoro wa tano

Tumalizie sokoni. Katika Mathayo 10:29 Bwana wetu ataja shomoro wawili kwa sarafu moja. Katika Luka ni watano kwa sarafu mbili. Fanyeni hesabu. Sarafu mbili zapaswa kununua wanne, kwa hiyo wa tano ni nyongeza. Muuzaji amemtupia mnunuzi bure, kama mama sokoni Ngamiani aongezavyo nyanya moja juu ya fungu. Huyo ndiye Bwana asemaye kwamba hakusahauliwa mbele za Mungu. Kwa watu hana bei, na kwa Mungu yumo katika hesabu. Tukijifunza kumtazama asiye na bei, tutajifunza pia kumtazama mtu ambaye ulimwengu humhesabu kuwa nyongeza tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini sheria ya kiota ina ahadi moja na amri ya wazazi?
2. Katika ufuko wa karibu nanyi, ni nani wanaoishi kwa kuokota vitu vya pwani, nao wanahitaji nini?
3. Takataka za samaki na za jikoni hutupwa wapi mtaani kwenu? Nani atazifukia?
4. Kati ya tarehe 1 Septemba na 4 Oktoba, siku za kuuombea uumbaji, wageni wetu ndio wanaowasili. Mtaa wenu utawapokeaje?

Tuombe

Ee Mungu uliyewapa ndege majira na bahari mpaka wake, utupe macho ya kuona kilicho njiani petu, na miguu ya kukipisha. Uwashibishe wenye njaa, uwalinde mama na makinda, hata watoto wa watoto wetu wakuone katika kazi zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.